Gari Lililokana Gia

Sehemu ya tisa

Kitendawili! Mkono umemshika mtu bega kwa nyuma, naye anaogopa kugeuka. Ni wa nani?

Najua wiki nzima mmekisia. Wengine mmesema ni wa Meneja. Wengine mmesema ni wa sajenti. Basi nipeni mji, maana wote mmekosa.

Tulimwacha Dada Giaboksi ndani ya gari la hospitali, uwanja wa nyuma wa kituo cha polisi, mashine ya kupimia magari iko magotini. Mashine yenyewe kaichukua bila ruhusa kwenye karakana ya kampuni anakofanya kazi ya ufundi. Ndilo gari lililomuua mlinzi wa geti. Ndilo lililompeleka mumewe, Dereva, mahabusu. Kesho saa tatu asubuhi Dereva anasimama mbele ya hakimu, na kampuni hiyohiyo iliyouza gari, kwa mdomo wa Meneja wake, imeshaapa: gari ni jipya, giaboksi ni nzima, mwenye kosa ni mtu.

Kioo cha mashine kilikuwa kinazunguka, kinatafuta. Ndipo mkono ukamshika bega.

"Mwanangu, mbona unaruka kama kuku aliyeona kisu?"

Alikuwa Mzee Spana, baba mkwe wake! Fundi wa zamani, mwenye gereji ya mabati pale chini ya kilima cha hospitali.

"Baba, umeniua! Umeingiaje humu?"

"Kwa mlango. Nimemwambia askari nimekuja kuona maiti ya gari. Akacheka, akafungua. Haya, kidude chako kinasemaje?"

Dada Giaboksi akainamisha macho. Kioo kilikuwa kimesimama. Kilikuwa na maneno matatu tu.

Hakuna kumbukumbu yoyote.

Akabonyeza tena. Hakuna. Akachomoa waya, akaupangusa kwa upindo wa kanga, akachomeka. Hakuna, hakuna, hakuna.

"Ameingia!" akasema kwa sauti ya kunong'ona iliyojaa moto. "Meneja ameingia humu kabla yangu. Kafuta kila kitu!"

Alitoka garini mbio mpaka kwa askari wa zamu. Daftari la uwanja likafunguliwa. Tangu gari livutwe hapo, hakuna aliyeandikishwa. Hata mwizi wa taa.

Akarudi polepole. Kichwani kulikuwa na jambo linamtekenya. Alipofika pale asubuhi, waya wa betri ulikuwa umetolewa, kichwa chake kimefungwa kitambaa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeurudisha ili mashine ipate umeme. Alidhani ni polisi.

"Baba," akauliza, "siku ya ajali ulifika pale wa ngapi?"

"Wa kwanza! Nilisikia kishindo, nikaacha chai. Gari limelala mtaroni, petroli inachuruzika, mwanangu kakaa garini haongei. Nikafanya la kwanza ambalo fundi yeyote niliyemfunza lazima alifanye." Mzee akajipiga kifua. "Nikatoa waya wa betri. Cheche moja tu, na leo ungekuwa mjane. Miaka arobaini nawaambia vijana: gari likianguka, betri kwanza, mengine baadaye."

Dada Giaboksi akautazama waya wa betri.

Angesema nini? Magari ya zamani kumbukumbu yake ilikuwa kwenye vyuma: ukifungua giaboksi, meno yaliyolika yanakueleza yenyewe. Giaboksi ya gari hili inaongozwa na kompyuta, na kompyuta yenyewe huandika kila ilipoteleza, saa na dakika. Huandika kwa umeme wa betri. Betri ikitoka, na maandishi yanatoka.

"Mbona umenyamaza?" Mzee akauliza.

"Jua kali, Baba."

"Usinidanganye. Nimekaa na injini maisha yangu yote, najua ukimya wa kitu kilichoharibika." Akatazama kioo. Akatazama betri. Akatazama mikono yake mwenyewe, kwanza upande wa juu, kisha upande wa kiganja. "Ni mimi?"

"Baba..."

"Nijibu kama fundi mwenzangu, usinijibu kama mkwe. Ni mimi?"

"Ni wewe, Baba. Lakini pia ndiwe uliyemwokoa asiungue."

Mzee Spana akakaa kwenye bampa. Hakulia. Wazee wa spana hawalii mbele ya magari. Alisema tu, "Nimezima moto wa siku moja, nikawasha wa maisha," kisha akaomba maji ya kunywa.

* * *

Lakini aliyezama hushika hata jani. Jani la Dada Giaboksi lilikuwa limeegeshwa kwenye kivuli cha madarasa ya shule ya msingi: gari la aina ileile, rangi ileile, lililoshushwa mwezi uleule. Mali ya Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu alikuwa mama mnene mwenye miwani ya kamba na ulimi usio na kamba.

"Wewe!" akasema alipomwona. "Si wewe uliyeniambia mguu wangu mzito?"

"Ni mimi, Mwalimu. Nisamehe."

"Mara tatu nimeleta gari hili karakana. Mara tatu! Nikawaambia, likitembea saa nzima, nikilisimamisha kilimani nikataka kuondoka, linanguruma kama simba na halisogei hata kama jongoo. Mkanijibu nini? Mama, jifunze kuendesha. Mimi! Nimeendesha tangu wewe hujaota meno!"

"Mwalimu, kosa hilohilo ndilo lililomuua mlinzi. Mume wangu alisimama pale kilimani akisubiri geti. Geti likafunguliwa, akakanyaga mafuta, injini ikanguruma, gari likarudi nyuma. Mlinzi alikuwa anapita nyuma yake."

Mwalimu Mkuu akavua miwani.

"Na kampuni inasemaje?"

"Inasema alikuwa ameweka nyutro, gia isiyovuta, akasahau. Maana kaendesha malori miaka ishirini, na wa malori akisimama tu, mkono unakwenda nyutro wenyewe."

"Ngoja." Mwalimu Mkuu akachukua simu, akaipiga hapohapo, sauti ya darasani. "Meneja? Njoo shuleni kwangu sasa hivi, utazame gari lako linavyokataa kilima. Nini? Una kikao? Basi nitalileta mimi, niliegeshe mlangoni pako, na niandike ubavuni kwa chaki nyeupe yote ninayoyajua. Unajua mwandiko wangu unasomeka."

Akakata simu. "Anakuja. Nusu saa."

"Basi nipe ufunguo, Mwalimu. Lazima kwanza lipate joto. Likiwa baridi halitatuonyesha kitu."

Dada Giaboksi aliendesha gari lile kama anayefukuzwa. Akazunguka mtaa wa maduka, akapanda, akashuka, akarudi. Oili ya giaboksi ikachemka. Alipolisimamisha mara moja kwenye mwinuko wa nyuma ya shule na kukanyaga mafuta, injini ikapanda juu, na gari likakaa. Likarudi nyuma kiasi cha hatua mbili kabla breki haijalikamata.

Hapo akacheka peke yake kama mwendawazimu. Limekubali! Limeungama!

Akarudi shuleni na gari la moto. Meneja alikuwa ndiyo kwanza anateremka.

"Bosi, twende sasa hivi. Kilima kile pale."

"Haraka ya nini, Dada?" Meneja akatabasamu. Alikuwa mtu wa shati lililopigwa pasi hata kwenye mikono. "Mgeni hupewa hata maji. Mwalimu, nimesikia chai ya ofisi yako ni nzuri."

Mwalimu Mkuu, malezi yake hayakumruhusu kumnyima mgeni chai hata akiwa adui. Chai ikaja. Meneja akaipuliza. Akaulizia matokeo ya mitihani. Akayasifu. Akaomba kikombe cha pili. Akasimulia safari zake. Akauliza choo kiko wapi, akaenda, akakawia.

Dada Giaboksi alikaa kwenye ncha ya kiti kama aliyekalia miiba. Saa nzima ilikuwa imepita ndipo wazo lilipomchoma. Akatoka mbio. Akaweka kiganja juu ya boneti.

Baridi. Baridi kama mtungi!

"Umefanya makusudi!" akamwambia Meneja alipotoka anajifuta midomo.

"Nimefanya nini? Nimekunywa chai." Akatazama saa. "Nina dakika kumi. Mara tatu utasimama katikati ya kilima, mara tatu utaondoka. Likishindwa hata mara moja, nitamwandikia hakimu barua kwa mkono wangu. Mwalimu ni shahidi."

"Nipe nusu saa nilipashe moto."

"Sasa, au nimeondoka."

Mngefanya nini nyinyi? Dada Giaboksi akashika usukani. Meneja akakaa pembeni, Mwalimu Mkuu nyuma.

Mara ya kwanza, gari likaondoka kilimani laini, utadhani linatereza kwenye siagi.

Mara ya pili, vilevile.

"Baba Mungu," Mwalimu Mkuu akanong'ona kule nyuma, "leo tu, liharibike leo tu."

Mara ya tatu kulikuwa na kitu. Mshtuko mdogo chini ya miguu, kama mtu aliyemeza mate. Dada Giaboksi aliusikia kwenye nyayo.

"Umesikia hiyo?"

"Jiwe," Meneja akasema. "Barabara yenu mbovu."

Wakateremka. Ndipo Meneja akafungua mkoba, akatoa karatasi tatu za njano. Akazipanga juu ya boneti moja baada ya nyingine, bila haraka, kama mtu anayecheza karata na anajua ana turufu.

"Hizi ni fomu za gari hili hili la Mwalimu. Mara tatu limekuja kwetu. Hapa chini fundi ameandika nini? Soma."

Hakuhitaji kusoma. Ulikuwa mwandiko wake.

Gari limepimwa barabarani. Halina tatizo. Na sahihi yake. Mara tatu.

Karakanani kwao ndivyo walivyofanya kazi, siku zote. Gari linaletwa asubuhi, linapangwa foleni, zamu yake inafika alasiri likiwa limepoa tangu asubuhi. Fundi analizungusha mara moja kwenye barabara tambarare nyuma ya karakana, anasaini, anaita linalofuata. Hakuna aliyeona ni kosa. Hata yeye hakuona.

"Wakili wetu amemwomba hakimu akuite kesho uzisome kwa sauti," Meneja akasema. "Fundi bingwa wa giaboksi, mke wa mshtakiwa, anathibitisha kwamba magari haya ni mazima. Tungemtafuta wapi shahidi bora kuliko wewe?"

"Nitasema sikulipima!"

"Sema. Utakuwa umesema kwamba ulisaini uongo mara tatu, na mtu amekufa. Kwenye nyumba yenu mmoja yuko ndani tayari. Wakifungwa wawili, nani atapika?"

Akaingia garini kwake. Mwalimu Mkuu akaokota kipande cha chaki, akamrushia. Kikagonga kioo cha nyuma. Lakini chaki haijawahi kuvunja kioo.

* * *

Saa za kuwaona mahabusu zinakwisha saa kumi. Dada Giaboksi alifika saa kumi kasoro robo, viatu vimejaa vumbi.

Dereva alikuwa upande wa pili wa wavu. Kakonda. Shati limekuwa la mtu mwingine.

"Mama watoto, umekula?"

"Niache na kula. Baba watoto, nisikilize, kesho—"

"Kesho nitakubali kosa."

Aliyasema kama anayesema kesho nitanyoa ndevu.

"Kukubali nini? Wewe hujafanya kitu!"

"Unajuaje? Ulikuwepo?"

Dereva akausogeza mkono wake wa kushoto mbele ya wavu, kiganja wazi, akautazama kama wa mgeni.

"Usiku wote nimekuwa nalirudia kichwani. Nimefika getini. Nimesimama. Nimempungia mlinzi, akanitania kwamba gari jipya limeninenepesha. Nikacheka. Halafu mkono huu... ulikuwa wapi, mke wangu? Miaka ishirini nikisimama, unakwenda nyutro. Haunishauri. Una akili zake. Sasa niape mbele ya Mungu na hakimu kwamba siku ile haukwenda? Sijui. Sijui tena."

"Haukwenda! Nimeliona gari la Mwalimu Mkuu, linafanya vivyo hivyo. Nimeliona kwa macho yangu leo!"

"Nani mwingine kaliona?"

Hakuna mwingine. Alikuwa peke yake, anacheka kama mwendawazimu.

"Mlinzi alikuwa na watoto wanne," Dereva akasema. "Mkewe alikuja hapa juzi. Hakunitukana. Ameniuliza tu kama mumewe alisema neno lolote. Nikimwambia ni gari, ataona nakimbia. Nikimwambia ni mimi, angalau atalala. Nimeshasaini."

"Umesaini nini?"

"Maelezo. Asubuhi. Kwamba niliweka nyutro nikasahau."

Ikabidi amwambie. Maneno yalitoka kama mfupa kooni: fomu tatu, barabara tambarare, sahihi yake. Na betri pia, na mikono ya Mzee.

Dereva alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akafanya jambo ambalo hakulitegemea. Akacheka, kicheko kidogo kikavu.

"Basi nyumba yetu haina asiyejua kusaini."

"Fomu zile nitazikana kesho. Nitasema ukweli wote."

"Ili uingie huku na watoto wabaki na nani? Baba mzee yule? Nisikilize, usinibishie leo, bishana nami miaka yote iliyobaki. Usiseme kitu. Mmoja akizama, wengine washike mtumbwi. Na Baba asijue kwamba najua habari ya betri. Itamuua kabla mimi sijatoka."

Kengele ikalia. Askari akamgusa Dereva bega, na Dereva akaondoka bila kugeuka. Alijua akigeuka hataweza kwenda.

Dada Giaboksi akatoka nje. Jua lilikuwa bado kali, watu wananunua, watu wanauza, kila mtu ana pa kwenda. Akapita mlango wa mbele wa kituo, akasikia kwenye kaunta sauti anayoijua, akaingia.

"Andika, kijana. Andika usiniangalie hivyo."

Mzee Spana! Kavaa shati jeupe lenye kola, ndevu kazinyoa, kucha kazisugua mpaka zimeng'aa. Mikono ile haijawahi kuwa safi hivyo tangu azaliwe mwanawe.

"Mzee, rudia taratibu," sajenti akasema. "Unasema siku ya ajali..."

"Aliyeshika usukani ni mimi. Nilimwomba mwanangu anionjeshe gari jipya. Nimezoea magari ya zamani, sikujua mambo ya gari lile. Nikalisimamisha getini, nikaweka nyutro, nikasahau. Mlinzi akafa mikononi mwangu. Mwanangu alikuwa kiti cha abiria."

"Mbona mwanao ameandikisha kwamba ni yeye aliyeendesha?"

"Wewe una baba?"

"Ninaye."

"Ungemtaja?"

Sajenti akaacha kalamu. Mlevi aliyekuwa anaimba kwenye benchi akasogea asikie.

"Nani aliwaona mkiwa wawili?"

"Hakuna. Mtu wa kwanza kufika alikuta nimesimama nje ya gari. Muulize yeyote pale kilimani, wote watakwambia: tulimkuta Mzee Spana kando ya gari."

Na kweli, wote wangesema hivyo. Alikuwa ameutengeneza uongo huo kama alivyokuwa akitengeneza injini, kwa vyuma vya kweli vilivyokwisha kutumika.

Dada Giaboksi alishika kaunta. Mzee akageuka, akamwona. Hakushtuka. Alimtazama kwa macho ya mtu anayemwomba mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo.

Sajenti akafuata macho yale.

"Aa, mama. Wewe si mke wa Dereva? Umekuja wakati mzuri." Akachukua kalamu, akageuza ukurasa mpya, akaunyoosha kwa kiganja. "Asubuhi ya ajali mumeo alitokea nyumbani kwako. Nijibu neno moja tu, na nitaliandika kama ulivyolisema. Garini aliondoka peke yake, au aliondoka na baba yake?"

Akisema peke yake, amemfunga mumewe. Akisema na baba yake, amemzika mzee yule gerezani, maana kwa umri wake hatoki. Na akisema la tatu, lile la fomu za njano, watoto wanalala bila mama.

Mzee Spana akatikisa kichwa kidogo, kama anayesema: kaza hiyo nati, mwanangu, usiogope.

Dada Giaboksi akafungua mdomo.

"Aliondoka..." akasema.

Kalamu ikashuka kwenye karatasi, ikasubiri.